Wafamasia wanajua virusi haviuawi na antibayotiki. Mbona mafua bado yanatoka dukani na azithromaisini?

Mkufunzi wa Kaunta (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Nafundisha wafamasia na watoa dawa, na kuna jambo linanikera kwenye mafunzo yetu wenyewe. Tunawaita watu ukumbini, tunawasha projekta, tunawaonyesha picha ya bakteria na picha ya kirusi. Tunaeleza kwamba penisilini hubomoa ukuta wa bakteria na kirusi hakina ukuta wa kubomolewa. Tunatoa mtihani, watu wanafaulu, tunagawa vyeti na kupiga picha ya pamoja. Kesho yake mteja anasimama kaunta anasema, "Nina mafua na kikohozi siku ya tatu, nipe kitu kikali," na anaondoka na azithromaisini. Aliyempa ni yuleyule aliyeongoza mtihani.

Tathmini moja iliyochapishwa 2019 ilikusanya tafiti 38 kutoka nchi 24 na kukuta kwamba takriban asilimia 62 ya maombi yaliyopimwa kwenye maduka ya dawa yaliishia mtu kupewa antibayotiki bila cheti cha daktari. Tafiti nyingi za namna hii hutumia mteja bandia: mtu anafundishwa kujifanya mgonjwa, anaingia dukani, anaeleza dalili, akitoka anaandika alichopewa. Muulize mfamasia huyohuyo kwenye dodoso kama mafua yanahitaji antibayotiki, atakuandikia "hapana". Kati ya dodoso na kaunta kuna shimo, na sisi wakufunzi tunaendelea kumwaga picha za bakteria mle ndani.

Kwa maoni yangu, elimu tunayotoa inajibu swali ambalo mfamasia hakuuliza. Anachokosa ni zile dakika tatu za kaunta: aulize nini, aangalie nini, aseme nini mteja akikaza, ampe nini mkononi, na amwambie arudi lini.

Nianze na hesabu ya siku, maana hapo ndipo mchezo mzima unapochezwa. Koo la kawaida huchukua kama wiki moja. Mafua siku 7 hadi 10. Sainasi wiki 2 hadi 3. Kikohozi kinachofuata mafua, hiki tunachokiita bronkaitisi, kinaweza kufika wiki 3 kwa mtu mzima mwenye afya njema. Watafiti wa Marekani mwaka 2013 waliwauliza watu wanadhani kikohozi cha namna hiyo hudumu siku ngapi, wastani wa majibu yao ukawa kati ya 7 na 9. Walipopitia tafiti zilizofuatilia wagonjwa, wastani ukawa karibu siku 18.

Sasa tazama kinachotokea. Mtu anavumilia wiki nzima, siku ya nane anaona ugonjwa umemganda, anakuja dukani. Anapewa kapsuli. Siku ya kumi na tatu kikohozi kinapungua, kama ambavyo kingepungua kwa maji na usingizi tu. Sifa zote anapewa kapsuli, mwaka ujao haji siku ya nane, anakuja siku ya pili. Mfamasia naye anaona wateja wake wanapona, kwa hiyo uzoefu wake unamfundisha kinyume cha kilichoandikwa kitabuni. Huwezi kushindana na uzoefu wa namna hiyo kwa slaidi. Mpe namba za siku azikariri mpaka azitaje bila kufikiri, mteja aambiwe mapema: "Hiki kitakusumbua hadi wiki ya tatu, kikipita hapo rudi."

Tafiti zilizopima antibayotiki kwenye bronkaitisi zinaonyesha kwamba zinafupisha kikohozi kwa takriban nusu siku. Nusu siku, na malipo yake ni kuharisha, vipele, na bakteria sugu wanaobaki tumboni.

Nitaendelea chini. Karibuni mnipinge.

---

Kaunta ya Nyuma

Mkuu umeongea ukweli ila umeruka mfupa. Mimi ndiye huyo anayesimama kaunta. Mwenye duka haketi kwenye mafunzo yako. Jioni anafungua daftari la mauzo anauliza mbona leo chini. Nikimwambia mteja "nenda kapumzike", anavuka barabara, jirani anampa, na kesho hata parasetamoli ananunua kwa jirani. Nikija kwenye semina yako nitajibu vizuri sana, nina akili timamu. Nikirudi dukani nina bosi.

---

Mkufunzi wa Kaunta

@Kaunta ya Nyuma hapo umenipiga penyewe, na sitakujibu kwa mahubiri.

Miaka ya tisini mwishoni, Hanoi, Vietnam, walifanya jaribio kwenye maduka ya dawa ya watu binafsi. Hawakuishia kwenye elimu. Walianza na wakaguzi kupita kukumbusha sheria, wakafuata na mafunzo ya ana kwa ana, kisha wakawaunda wenye maduka kwenye vikundi vya kuangaliana wao kwa wao. Utoaji wa antibayotiki kwa mtoto mwenye mafua ulipungua ukilinganisha na maduka ambayo hayakuguswa. Baadaye walijaribu mpango wa aina hiyo Bangkok, matokeo yakawa hafifu. Funzo ninalolichukua ni hili unalolisema: elimu ikiwa peke yake haina meno, na hata ikiwa na meno inategemea mtaa.

Kwa hiyo mwenye duka lazima aitwe. Sikubali tena kufundisha watoa dawa wa duka ambalo mwenyewe hajaja walau saa ya kwanza. Hilo la jirani nalo linatibika kwa kuwafundisha majirani pamoja. Ukimfundisha mmoja mtaani umemwadhibu.

Kuna kitu kingine cha bei rahisi. Marekani, jaribio lililochapishwa 2014, waganga walitundika kwenye chumba cha kuonea wagonjwa barua yenye picha na sahihi zao, ikisema hawatatoa antibayotiki pale ambapo zitadhuru kuliko kusaidia. Utoaji usiofaa ulishuka kwa takriban pointi 20 za asilimia ukilinganisha na wasiotundika. Wale ni waganga, kaunta ina presha zake, lakini tangazo ukutani linakupa pa kuegemea: unamwonyesha mteja, unasema "huu ndio utaratibu wetu hapa", na ubishi unahama kutoka kwako kwenda ukutani.

---

Mama Pacha

Naomba kuuliza kama mzazi, msinicheke. Kamasi ikiwa nyeupe naelewa ni mafua. Ikigeuka kijani si ndiyo tayari bakteria wameingia? Kila duka nililoingia nimeulizwa rangi ya kamasi kwanza.

---

Mkufunzi wa Kaunta

Dada, hakuna wa kukucheka, swali hilo linawaangusha hata wenye koti jeupe.

Ule ukijani unatoka kwa askari wa mwili wako mwenyewe. Chembe nyeupe za damu zinazokimbilia puani zimebeba kimeng'enya chenye rangi ya kijani. Zikifika nyingi na kufa hapo, kamasi inabadilika rangi. Zinakuja kwa virusi na zinakuja kwa bakteria. Mafua ya kawaida kabisa huanza maji maji, yanakuwa mazito ya njano au kijani siku ya tatu au ya nne, kisha yanakauka. Rangi peke yake haikuambii kitu.

Swali la rangi naliondoa kwenye mafunzo yangu. Nafasi yake naweka maswali haya: mgonjwa ni nani na ana umri gani? Siku ya ngapi leo? Anapumuaje? Anakunywa, anakula, ananyonya? Alianza kupata nafuu kisha akazidiwa upya? Hilo la mwisho lina uzito. Sainasi iliyoanza kupoa halafu homa na maumivu ya uso yakarudi kwa kishindo, au iliyopita siku 10 bila dalili ya kupoa, hiyo inataka tabibu.

Kwa mtoto sasa, na hapa wakuu naomba mtulie, maana hapa ndipo kosa la upande wa pili linapoua. Nimonia ni ya bakteria mara nyingi kiasi kwamba mtoto anayestahili amoksisilini akinyimwa anaweza kufa. Mfamasia lazima ajue kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi, ikiwezekana amepakatwa na mama. Funua nguo hadi uone kifua na tumbo. Weka saa, hesabu kila kifua kinapopanda kwa dakika nzima, si nusu dakika mara mbili, maana pumzi za watoto huenda kwa mawimbi. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani ni hii: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka, miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, 40 au zaidi.

Halafu tazama chini ya mbavu. Anapovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani badala ya kutoka? Anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, anatoa sauti ya mkwaruzo anapovuta pumzi hata akiwa ametulia? Hapo hakuna mjadala wa dawa gani. Ni hospitali sasa hivi, na mfamasia aandike kwenye karatasi alichokiona ili mama asianze upya kueleza huko mbele. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa au pumzi za haraka, vivyo hivyo, haraka.

Kuhesabu pumzi kunasomeka rahisi. Waambie watu kumi wamhesabu mtoto mmoja kwenye video, utapata namba kumi. Ndiyo maana lifanyiwe mazoezi, siyo kusomwa.

---

Tabibu wa Zamu

Naongezea kutoka upande wetu, na kabla hamjatushambulia nakiri waganga nasi tunaandika hizi dawa ovyo. Mteja anapokuja na cheti changu chenye siprofloksasini kwa kikohozi, mfamasia afanye nini? Kwenye mafunzo yenu mnamfundisha kunipigia simu? Wengi wanaogopa.

La pili, familia hiyo ya siprofloksasini na levofloksasini ina hatari mbili kwenye kifua. Kwanza, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitamka mwaka 2016 kwamba kwa sainasi na bronkaitisi zisizo kali madhara yake kwa kawaida yanazidi faida pale dawa nyingine ipo: kano kukatika, mishipa ya fahamu kuumia. Pili, zinawagusa vimelea vya kifua kikuu. Mgonjwa wa TB akipewa anapata nafuu ya muda, anarudi kazini, anaambukiza, na vipimo vinachelewa. Yeyote mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi apimwe TB kabla hajaongezewa antibayotiki nyingine.

---

Mkufunzi wa Kaunta

@Tabibu wa Zamu hoja ya simu naichukua. Tunafanya zoezi la namna ya kumpigia daktari bila kumkosoa: "Daktari, nina mgonjwa wako hapa, kikohozi siku ya tano, hana homa, pumzi kawaida. Naona umeandika levofloksasini, nilitaka kujua kama kuna kitu hajanieleza." Daktari anaachiwa mlango wa kutokea.

Hili la wiki 2 linaonekana kugongana na wiki 3 nilizosema juu, basi niliweke sawa. Kikohozi kufika wiki 3 ni kawaida, lakini pale TB ilipo nyingi, wiki 2 ni mpaka wa kupima. Anayeambiwa "kitaisha chenyewe" na anayeambiwa "kapime" anaweza kuwa mtu mmoja, kwa sentensi moja. Kinachokosekana kwenye sentensi hiyo ni kapsuli.

---

Asiyeshawishika

Nyinyi wataalamu mna maisha mazuri. Kuna watu ambao duka la dawa ndiyo hospitali yao, kituo cha afya ni safari ya nusu siku. Mnawafundisha wafamasia kuwa walinzi wa getini, atakayeumia ni maskini. Wanaokufa kwa kukosa antibayotiki ni wengi pia.

---

Mkufunzi wa Kaunta

Mkuu, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote humu na mafunzo mengi yanaikwepa. Namba ziko hivi: mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Wanaobeba mzigo mkubwa ni haohao unaowatetea, kwa sababu dawa ya bei nafuu ikishindwa, ile inayofuata hawawezi kuimudu au haipo kabisa karibu nao.

Ila nakubaliana nawe kwamba mfamasia anayefundishwa neno "hapana" peke yake ni hatari. Ndiyo maana nimepoteza muda kwenye pumzi za mtoto. Mfamasia aliyefundishwa vizuri anamnyima antibayotiki mtu mzima mwenye mafua, na dakika kumi baadaye anamkimbizia usafiri mtoto wa miezi minane anayepumua mara 58.

Na pale inapofaa, iwe ipi? Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limezipanga antibayotiki makundi matatu, mpangilio uitwao AWaRe: za kuanza nazo, za kutumia kwa uangalifu, na za akiba. Amoksisilini na doksisaiklini ziko kundi la kwanza. Azithromaisini, siprofloksasini na sefiksimu ziko la pili. Septemba 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliweka lengo kwamba kufikia 2030 walau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumika kwa binadamu ziwe za kundi la kwanza. Kaunta ndiyo itakayolifikisha au kuliangusha lengo hilo.

Hapa kuna imani moja ya kung'oa: kwamba dawa mpya ni kali na ya zamani imechoka. Chukua koo. Bakteria anayetusumbua kwenye koo, streptokoka wa kundi A, hadi leo anauawa na penisilini. Azithromaisini inayouzwa kama mkombozi ndiyo ambayo baadhi ya hao streptokoka wameshaizoea. Juu ya hapo, nusu ya dawa hiyo inachukua karibu siku tatu kutoka mwilini, kwa hiyo mtu anameza siku tatu halafu inabaki kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kiwango hicho kidogo hakiui, kinafundisha. Na wenye matatizo ya mapigo ya moyo wana hatari ya ziada. Wakati wa UVIKO-19 dunia iliimeza kama karanga, majaribio makubwa ya Uingereza yakaja kuonyesha mwaka 2021 kwamba haikusaidia.

Koo la bakteria nalo lina sura yake. Homa, usaha au utando kwenye mafindofindo, tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma, na hakuna kikohozi. Vigezo hivi vinne vina umri wa tangu 1981. Mtu mwenye koo pamoja na mafua, kikohozi na sauti iliyokauka, karibu kila mara ni virusi. Mwenye vyote vinne, hasa mtoto wa umri wa shule, apelekwe akapimwe au atibiwe, kwa sababu koo hilo likiachwa linaweza kuzaa homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Sitaki mtu atoke kwenye mafunzo yangu akidhani koo lote ni la maji ya chumvi.

---

Kapsuli

Nimeweka kambi. Swali: wale wanaosema "nipe vidonge vinne tu vya amoksisilini, hela imeisha"? Ukimnyima ana hasira, ukimpa ni nusu dozi.

---

Mkufunzi wa Kaunta

Uliza maswali yale yale kwanza. Mara nyingi vile vinne havikuhitajika hata kimoja, na hela ile inatosha parasetamoli. Kama kweli anazihitaji, hesabu dozi kamili ya siku chache zinazotambulika. Nimonia nyepesi ya mtoto hutibiwa siku 5, siyo 10 kama zamani, na hilo linapunguza gharama.

---

Mwanafunzi wa Famasia

Mkufunzi, hayo mazoezi unayafanyaje hasa? Chuoni tunasomeshwa vizuri ila hakuna aliyetusimamisha kaunta.

---

Mkufunzi wa Kaunta

Watu watatu watatu. Mmoja mfamasia, mmoja mteja, mmoja ameshika saa na karatasi. Mteja ana kadi ambayo mfamasia haioni. Mfano wa kadi: "Kikohozi ni siku ya sita. Unataka ile ya siku tatu. Usitaje mtoto mpaka uulizwe mgonjwa ni nani. Mgonjwa ni mwanao wa miezi kumi." Nusu ya darasa linaanguka kwenye kadi hiyo, wanamhudumia aliyesimama mbele yao kumbe mgonjwa yuko nyumbani.

Mshika saa haandiki "vizuri" au "vibaya". Anaandika maneno yaliyotamkwa. Kisha tunayasoma kwa sauti. Utasikia wengi wamesema "Hii haihitaji dawa", na mteja anasikia "wewe si mgonjwa". Tunabadilisha mpangilio: anza na kitakachomsaidia, kisha usichompa na sababu, kisha lini arudi. "Kwa maumivu na homa chukua parasetamoli hivi na hivi, kunywa vya kutosha. Antibayotiki haitafupisha hiki kikohozi, inaweza kukuharisha. Ukianza kubanwa pumzi, kifua kikichoma, au homa ikirudi baada ya kuisha, usingoje, nenda ukaonwe." Inachukua chini ya dakika moja, nimeipima.

Halafu mwezi unaofuata narudi na kuangalia daftari: azithromaisini ngapi zimetoka, na ngapi zilikuwa na cheti. Kila duka linaona namba zake kando ya wastani wa wenzake, bila majina. Bila hatua hii mafunzo yanayeyuka haraka sana. Na anayefundishwa awe yule anayeshinda kaunta. Nimewahi kufundisha mwenye leseni ambaye dukani anapita kusaini tu.

---

Mwanafunzi wa Famasia

Na akisema "mwaka jana nilipewa hapa hapa nikapona"?

---

Mkufunzi wa Kaunta

Usibishane na mwaka jana. Uliza, "Ulipona baada ya siku ngapi tangu uanze kuumwa?" Akisema wiki mbili, mwambie ndiyo muda wake wa kawaida. Akisema siku mbili, muulize alianza kumeza siku ya ngapi ya ugonjwa. Mwache ahesabu mwenyewe.

---

Mama Pacha

Asali kwa kikohozi mnaruhusu? Wangu wana miezi tisa.

---

Mkufunzi wa Kaunta

Kabla ya mwaka mmoja, hapana dada, kuna hatari ya sumu ya botulismu. Wala usiwape sirapu za mafua za dukani kwa umri huo. Safisha pua kwa matone ya maji ya chumvi, nyonyesha mara nyingi, na hesabu pumzi wakiwa wamelala: mpaka wao ni 50.